Si Utovu wa Adabu

Mwalimu wa Gredi ya 2 anapouliza, "Mbona mlango uko wazi?" hutarajia ufungwe. Mwanafunzi anayejibu, "Kwa sababu haukufungwa," huitwa jeuri, pengine akaadhibiwa. Hata hivyo, huenda mtoto huyo ana msamiati wa kutosha na sarufi sanifu. Alichopungukiwa ni pragmatiki, yaani uwezo wa kung'amua maana iliyositirika nyuma ya maneno.

Mwaka 2013, wataalamu wa magonjwa ya akili wa Marekani waliliorodhesha tatizo hili la mawasiliano ya kijamii peke yake, mbali na usonji. Nchini Kenya, mtaala wa umilisi unataja mawasiliano na ushirikiano miongoni mwa umilisi wa kimsingi. Je, tutaupimaje umilisi huo kwa ngeli na insha pekee?

Wasomi wa Kiswahili tunayo hazina. "Kitendawili!" "Tega!" ni mchezo unaomfunza mtoto kupokezana zamu, kusikiliza, kukiri kushindwa na kutoa mji. Mfuatano wake haubadiliki, hivyo humpa mtoto mwenye tatizo hili ngazi ya kupandia.

Tahadhari ni muhimu. Mtoto aliye kimya kwa kuwa Kiswahili ni lugha yake ya pili si mgonjwa. Sharti achunguzwe pia katika lugha ya nyumbani.

Kwa hivyo, kabla ya kumkaripia mtoto, tumwambie waziwazi: "Funga mlango." Kisha tumfafanulie jinsi swali lilivyokuwa ombi. Isimu isiyomfaa mtoto huyu ina upungufu.