Simu ya Mgeni na Kabati la Makumbusho

Jumba la makumbusho ni shule isiyokuwa na mtihani. Mgeni huingia kwa hiari yake, husimama apendapo, na huondoka na kile tu alichokielewa. Kwa hiyo kazi ya makumbusho haiishii katika kuhifadhi vitu, bali ni pamoja na kuvieleza kwa wananchi. Siku hizi aghalabu hushauriwa kwamba kazi hiyo ikabidhiwe simu ya mkononi. Ushauri huo si mbaya, lakini yafaa tuuchunguze kwanza, maana huduma iliyosanifiwa vibaya yaweza kuwatenga walewale iliyokusudiwa kuwahudumia.

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1952 makumbusho ya Stedelijk, mjini Amsterdam, yaliwapa wageni vipokezi vya redio ili wasikilize maelezo ya maonyesho. Matangazo yalikuwa mamoja kwa wote, hivyo wageni walitembea pamoja na kutazama kitu kimoja kwa wakati mmoja. Simu imeondoa kifungo hicho, lakini imeleta kingine. Vipokezi vile vilikuwa mali ya makumbusho, tena vilifanana. Simu ni mali ya mgeni, nazo hutofautiana mno kwa upana wa kioo, nguvu ya betri na salio la intaneti.

Ufumbuzi wa tatizo la kioo ulielezwa mwaka 2010 na msanifu wa Kimarekani, Ethan Marcotte. Msingi wake ni mambo matatu: safu za ukurasa hupimwa kwa sehemu ya upana wa kioo badala ya kipimo kisichobadilika; picha hukua au kupungua kufuatana na nafasi; na ukurasa hutambua upana wa kioo, kisha hujipanga ipasavyo. Hivyo ukurasa mmoja hufaa simu ndogo na kompyuta ya mezani pia.

Hata hivyo, ukurasa waweza kuenea vizuri katika kioo kidogo na bado ukawa mzito. Tuchukue mfano wa chumba chenye vitu 10, kila kimoja na picha ya megabaiti 5. Mgeni avifunguaye vyote atatumia megabaiti 50 za kifurushi chake. Picha hizo zikipunguzwa hadi kilobaiti 100 kila moja, atatumia megabaiti 1 tu. Tofauti hiyo ya mara 50 haimgusi msanifu aketiye ofisini penye intaneti ya kulipiwa. Humgusa mwanafunzi ambaye kifurushi chake humwishia katikati ya chumba.

Kwa maoni yangu, basi, makumbusho yetu yasianze na programu za kupakua. Mtu ajaye mara moja kwa mwaka hana sababu ya kuijaza simu yake kwa ajili ya saa mbili. Ukurasa mwepesi, unaofunguliwa kwa kuielekeza kamera kwenye alama ya QR kando ya kabati, watosha. Chini ya alama hiyo iandikwe pia anwani fupi, kwa wale ambao kamera zao ni mbovu.

Jambo kubwa zaidi ni maelezo yenyewe. Fikiria fuvu la Zinjanthropus, lililogunduliwa na Mary Leakey huko Olduvai mwezi Julai 1959, na ambalo huhifadhiwa na Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Haitoshi kumwambia mgeni kwamba lina umri wa miaka ipatayo 1,750,000. Aelezwe, kwa Kiswahili fasaha, kwamba umri huo ulipatikana kwa kupima jinsi potasiamu iliyomo katika majivu ya volkeno inavyogeuka polepole kuwa gesi ya agoni. Hapo atakuwa amepata sayansi, si tarakimu tu.

Wapo wasemao kwamba simu itamfanya mgeni atazame kioo na kukisahau kitu kilicho mbele yake. Hofu hiyo ina msingi. Dawa yake ni maelezo mafupi yanayoyarudisha macho kwenye kabati: “Tazama magego haya. Mbona ni makubwa hivi?” Kadhalika vibao vya maelezo na waongoza wageni wabakie, kwa sababu asiye na simu naye amelipa kiingilio.

Kabla fedha hazijatumika, hapana budi kufanya jaribio moja rahisi. Inunuliwe simu ya bei ya chini kabisa iliyomo sokoni yenye uwezo wa intaneti, itiwe kifurushi kidogo kabisa, kisha akabidhiwe mwanafunzi wa shule ya msingi mbele ya kabati. Akishindwa kusoma, tusimlaumu yeye wala simu yake. Turudi tukausanifu ukurasa upya.