Bei Huanzia Nyumbani



Mwezi huu tuzungumze juu ya kikapu. Siku hizi mama akitoka dukani, kikapu ni chepesi na kibindo nacho ni kitupu. Swali ninaloulizwa mara nyingi, hata tukiwa bado uwanjani baada ya ibada, ni hili: "Mama, twende kununua wapi ili chakula kitoshe?"

Nichukue mfano wa kwetu Kurui, wilayani Kisarawe. Mama wa hapa ana njia chache. Liko duka la jirani, ambalo ni karibu, linapima kidogo kidogo na linakopesha. Liko genge la nyanya na vitunguu. Uko mji: Kisarawe, Gongo la Mboto, au Kariakoo kwenyewe, ambako bei ya jumla ni nafuu lakini nauli inakungoja njiani. Na liko shamba lako mwenyewe, penye mihogo, kunde na mchicha. Ukiniuliza ni wapi penye nafuu, nitakujibu kwa kukusimulia habari za jirani yangu mmoja. Ameniruhusu nizieleze, mradi nisimtaje jina.

Mume wa mama huyu alikuwa na desturi ya kuacha shilingi 3,000 mezani kila asubuhi. Hakuwa mlevi wala mchoyo. Ndivyo alivyomwona baba yake akifanya. Mama naye alizigawa kadiri alivyoweza. Zilipopungua alikwenda dukani na kusema, "Niandikie." Akaandikiwa leo sukari, kesho unga, keshokutwa sabuni. Mume hakuambiwa, maana mama aliogopa kuitwa mfujaji.

Siku moja mwenye duka alimsimamisha mume njiani, mbele ya watu, akamwuliza deni la shilingi 46,000 litalipwa lini. Akina mama, mnaweza kufikiri wenyewe jioni ile ilivyokuwa. Mume alisema amefanywa mjinga katika nyumba yake. Mke alisema amelishwa aibu kwa sababu ya kulisha watoto. Siku mbili hawakusemezana.

Siku ya tatu, mtoto wao wa darasa la sita alikuwa akifanya hesabu kwa taa. Mama akamwomba kalamu. Akamwambia mumewe, "Baba, tuhesabu pamoja. Kama nimefuja, tutaona." Walianza na mafuta ya kupikia. Mama alikuwa akinunua kipimo cha shilingi 500 mara mbili kwa siku. Walikwisha kuona kwamba vipimo 14 hujaza chupa ya lita moja. Kwa hiyo lita moja waliipata kwa shilingi 7,000, na kila wiki waliimaliza lita hiyo. Lakini duka lile lile, siku ile ile, liliuza lita nzima kwa shilingi 5,600. Tofauti ni shilingi 1,400 kwa wiki. Kwa wiki 52 za mwaka ni shilingi 72,800. Mume alinyamaza kitambo. Deni lote la daftari, na zaidi yake, lilikuwa limezama ndani ya chupa ya mafuta.

Tumezoea kusema haba na haba hujaza kibaba. Ni kweli, lakini haba na haba pia hukimwaga. Anayepata fedha kwa siku hulazimika kununua kwa siku, na anayenunua kwa siku hulipa bei ya juu kuliko wote. Mama yule hakufuja hata senti. Aliyepanga bei aliyonunulia ni utaratibu wa fedha nyumbani, kabla hajavaa kandambili kwenda dukani.

Nasema hivi si kwa kumlaumu mwenye duka. Yeye naye hununua mjini, hulipa usafiri, na huvumilia wasiolipa. Mengi hutoka mbali kuliko tunavyodhani. Vita vya Ukraine vilipoanza Februari 2022, bei za mafuta ya kula, ngano na petroli zilipanda duniani, na sisi tulizisikia hadi kwenye andazi la asubuhi. Mwanzoni mwa mwaka 2024 mvua za El Niño zilikwamisha uvunaji wa miwa na uzalishaji viwandani, sukari ikaadimika, hata Bodi ya Sukari ikatangaza bei elekezi. Mambo hayo hayamo mikononi mwa mama wa Kurui. Utaratibu wa nyumba yake umo.

Wenye umri kama wangu wanakumbuka shida ya namna nyingine. Mwaka 1976 ilikuwako Operesheni Maduka, ambapo maduka mengi ya watu binafsi yalifungwa ili yale ya ushirika yachukue nafasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 tulipanga foleni ya sukari na sabuni, pengine ukifika mbele vimekwisha. Wakati ule fedha ilikosa bidhaa. Leo bidhaa zipo, zinatutazama kwenye rafu, na fedha ndiyo haifiki. Kwa hiyo hekima ya leo ni ya kupanga.

Jirani yangu na mumewe walipangaje? Fedha ya korosho ilipolipwa, jambo la kwanza walifuta deni lote la daftari. La pili, kabla ya bati na kabla ya simu mpya, walitenga fedha ya vyakula visivyoharibika upesi: mchele, unga, maharage na dumu la mafuta la lita tano. Kila asubuhi baba huacha fedha kidogo tu, ya nyanya, dagaa au samaki.

Sitawaficha, mwezi wa kwanza haukuwa mzuri. Dumu walilotarajia limalize wiki tano liliisha kabla ya wiki ya nne, maana penye dumu mkono wa mpishi hurefuka, na wa kuazima hawakosekani. Ndipo mama akaanza kumimina mafuta ya wiki kwenye chupa ndogo, na dumu likakaa chumbani. Mwezi wa pili lilifika.

Wako watakaosema, "Mimi sina korosho," au, "Mimi ni mjane, fedha yangu ni ya kuuza mihogo." Kwenu nina shauri hili: unganeni. Akina mama watano wanaoaminiana, Wakristo na Waislamu bila kubagua, maana bei haiulizi dini, wanaweza kuweka akiba kidogo kila wiki, kisha kununua gunia moja na kugawana. Anatumwa mmoja mjini, na nauli yake na ya mzigo inagawanywa kwa watano. Lakini shikeni haya:

1. Kabla ya kutuma mtu, jumlisheni bei ya mjini, nauli na mzigo. Kama jumla inakaribiana na bei ya duka la jirani, nunueni hapo hapo kijijini, na ombeni bei ya jumla.

2. Nunueni kwa mizani inapowezekana. Debe na kisado hudanganya, hasa kikiwa kimebonyea. Mizani iliyohakikiwa huwa na stika ya Wakala wa Vipimo.

3. Risiti isomwe mbele ya wote, na mgawanyo ufanywe mbele ya wote kwa kipimo kimoja. Mambo ya Walawi 19 na Mithali 11 yanatuonyesha kuwa Mungu huchukizwa na mizani ya hila. Hata kati ya marafiki, kipimo cha haki hulinda urafiki.

4. Usinunue kingi kama huna pa kukitunza. Maharage na mahindi yakauke vizuri kwanza. Mifuko yenye tabaka mbili za nailoni ndani, inayofungwa kila tabaka peke yake, huwanyima wadudu hewa wakafa bila dawa.

5. Usiuze mavuno yote kwa bei ya msimu, ukaja kuyanunua tena masika kwa bei ya juu. Yusufu alitunza wakati wa shibe kwa ajili ya wakati wa njaa.

Mwisho, tufungue Mithali 31. Tunapenda kumsifu yule mwanamke anayefananishwa na merikebu za biashara kwa kuleta chakula kutoka mbali. Hiyo ni aya ya 14. Lakini tangulia kusoma aya ya 11, inayosema juu ya moyo wa mume kumwamini mkewe. Imani ile imetangulia merikebu. Mama asiyeaminiwa kwa fedha ya mwezi hawezi kununua kama merikebu. Atanunua kama kijiko. Na mama anayeficha daftari naye anaubomoa msingi huo huo.

Kwa hiyo, mama mpendwa, kabla ya kutafuta duka la bei nafuu, omba, kisha keti na mumeo jioni moja yenye utulivu, watoto wakiwa wamelala. Wekeni daftari mezani, hata kama linatia aibu. Chukueni chupa tupu na kalamu, mhesabu pamoja. Nanyi baba zetu mnaosoma ukurasa huu kwa siri, msingoje mwenye duka awasimamishe njiani.

Mungu abariki vikapu vyenu na mikono inayovibeba. Tukutane tena mwezi ujao.