Kundi letu la viazi limegeuzwa jukwaa la kampeni



Nalima viazi Uyole, Mbeya, na kuvipeleka Iringa mwenyewe. Juzi usiku gari lilivunjika springi karibu na Nyololo. Dereva akanipigia, nami nikakimbilia kundi letu la WhatsApp la wakulima na wenye magari kuomba namba ya fundi wa Mafinga. Kazi ya kundi ndiyo hiyo: bei sokoni ikoje, nani anarudi tupu, fundi yuko wapi.

Ujumbe wangu haujasomwa, zikaanza kushuka klipu za mgombea. Mara anacheza muziki, mara kapanda bodaboda, mara anakula mahindi ya kuchoma na mama lishe. Machawa nao wakamimina makofi. Kumbe fundi alishanijibu. Namba yake nimeiona alfajiri, imefukiwa chini ya hotuba. Mnunuzi wa Iringa akawa keshachukua mzigo wa mwingine. Na bando la wiki limeliwa na video zinazojipakua zenyewe! Nilipouliza ni nani aliyempa mtu wa kampeni uadmini, nikaondolewa. Wazee ndio walioniombea nikarudishwa.

Najua kura siku hizi zinasakwa kwenye simu. Vijana wa Mwanjelwa hawasimami juani kusubiri mkutano, klipu inawatosha. Lakini uwanjani mama anaweza kunyoosha mkono akauliza maji yatatoka lini. Klipu unaiuliza nini? Na pa kuulizia pamefungwa: mtandao wa X ulifungiwa Mei 2025 ukawa haufunguki mpaka uwe na VPN, jukwaa la JamiiForums nalo likafungiwa siku 90 mwezi Septemba. Video za kucheza muziki hazijafungiwa hata moja. Mwaka 2020 mitandao ilianza kugoma tarehe 27 Oktoba, kesho yake tukapiga kura. Safari hii, 2025, kura ni tarehe 29 Oktoba. Wahusika, tuachieni intaneti, wengine tunaitumia kwa biashara.

Halafu hao wagombea wanaotupenda ghafla wauza viazi, mbona lumbesa, gunia linalojazwa kupita kipimo, hawaigusi? Imepigwa marufuku miaka nenda rudi, na kila kampeni tunaahidiwa itakomeshwa, lakini gunia bado linavishwa kilemba na bei ni ileile. Mmoja wao ajirekodi amesimama sokoni anamwambia mnunuzi ashushe kilemba. Hiyo nitaitazama hata kwa bando la kukopa.

Mkulima wa viazi,
Uyole, Mbeya.
Oktoba 2025