Pete ya mama mkwe na jiwe linalogeuka rangi

Najua nimepotea, testi zilikuwa zimenikaba. Leo nina jambo moyoni, naomba mnisome hadi mwisho kabla ya kunirukia.

Wengi mmeshaiona pete yangu ya uchumba. Ilikuwa ya mama mkwe mtarajiwa. Baba mkwe aliinunua Moscow miaka ya 1980, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Patrice Lumumba, akarudi nayo kumvika mama. Kwa ndani imegongwa 583, alama ya dhahabu ya Kisovieti, yaani sehemu 583 za dhahabu katika kila 1000. Mchana jiwe lake ni la bluu iliyofifia. Usiku mmoja umeme ukakatika hosteli, tukawasha mshumaa, mwenzangu wa chumbani akapiga kelele: "We! Pete yako imegeuka zambarau!"

Mama alishaniambia ni aleksandriti, jiwe la Urusi lililopewa jina la Aleksanda wa Pili kabla hajawa mfalme. Sasa mimi si ndiyo nasoma jiolojia... kiherehere kikanipanda. Nikaazima lenzi ya kukuza mara 10. Ndani nikaona mistari iliyopinda kama ya sahani ya santuri, na viputo viwili vitatu. Nikachoka mwenyewe. Jiwe lililokulia ardhini halina mistari ya kupinda namna hiyo.

Hilo ni yakuti la kutengenezwa. Mfaransa Auguste Verneuil alitangaza njia yake mwaka 1902: unga wa alumina unadondoshwa kwenye moto wa hidrojeni na oksijeni wa zaidi ya nyuzi 2000, unayeyuka, unaganda tabaka juu ya tabaka. Ukitia vanadi kidogo, jiwe linapitisha bluu na nyekundu pia. Mwanga wa jua una bluu nyingi, wa mshumaa una nyekundu nyingi, basi jicho linaona rangi mbili. Mawe ya aina hii yaliuzwa sana Urusi enzi zile kwa jina la aleksandriti.

Chumbani ikawa bunge. Mmoja akasema nimeuziwa mbuzi kwenye gunia, nirudishe pete. Mwingine akasema ninyamaze, nani atajua? Mimi nawapinga wote wawili.

Wa kwanza anakosea kwa sababu jiwe lenyewe halijadanganya mtu. Kwa kemia ni yakuti kamili, sawa na la mgodini. Kwa ugumu ni 9, wakati aleksandriti ya kweli ni 8.5. Uongo uko kwenye jina, na jina lilitoka dukani. Kijana aliyejinyima posho yake ya chuo akanunua pete ugenini, kosa lake ni lipi? Sisi bumu likitoka tunanunua nini? Tusijibu, tutaaibika, teh teh.

Halafu kinachochekesha, mawe ya asili yanayogeuka rangi yapo hapa hapa kwetu. Bonde la Umba kule Tanga linatoa yakuti na garneti za namna hiyo, na aleksandriti yenyewe imechimbwa Tunduru na karibu na Ziwa Manyara. Mzee alivuka bara kulifuata jina.

Huyu wa pili, wa "nyamaza", ndiye aliyenikosesha usingizi. Mama ameiweka ile pete miaka yote akijua ni akiba. Siku ananivisha alinong'ona: "Mkikwama kabisa, hii inajenga nyumba." Haijengi, jamani. Dhahabu yake ina bei, jiwe halina. Mtu akipanga maisha juu ya jina la uongo, kunyamaza kwako si heshima tena.

Basi jana nikapiga simu. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, nikameza mate, nikasema yote. Kimya. Nilidhani salio limekata. Kisha nikamsikia anacheka taratibu. "Kuna mwaka ada za watoto zilitushinda, nikaitoa kabatini niende kuiuza. Nikafika kituo cha basi, nikarudi. Kumbe ningeaibika dukani." Akanyamaza tena, akauliza: "Baba yako umemwambia?" Nikasema bado. "Usimwambie kwa simu. Njooni Jumapili, nitamwambia mwenyewe, na wewe uwepo."

Kwa hiyo Jumapili naenda, tumbo joto. Lakini pete sivui. Wazee walisema chanda chema huvikwa pete. Walikitazama chanda, jiwe hawakulitaja. Na wewe uliyevishwa, jua ulichovaa, na ukitaje kwa jina lake. Ukiona aibu kulitaja, hapo ndipo pa kujiuliza.

Haya, nawahi kipindi cha saa nane. Niombeeni.