Mtoto mgongoni, jile kifuani

Juma lililopita, tulipomaliza kuhesabu akiba ya AVEC, binti mmoja alitupitishia simu yake. Kulikuwa na picha za familia ya wazungu, baba, mama na watoto wawili, wanaoishi ndani ya mashua ya tanga. Nyumba ya nchi kavu hawana. Wanalala humo, wanapika humo, watoto wanasomea humo, na upepo ukiwa mzuri wanatoka kisiwa kimoja kwenda kingine katika bahari za joto. Tulicheka sana. Bibi mmoja aliuliza kuni wanaziweka wapi. Mwingine akasema: sisi tukihama na godoro kichwani tunaitwa wakimbizi, hao wakihama wanaitwa nani?

Hakuna aliyejua jibu. Lakini mimi niliomba simu tena, maana picha moja ilinishika. Mtoto wa miaka kama miwili alikuwa anacheza juu ya mashua. Amevaa jile ndogo ya kipimo chake, mgongoni kuna kamba iliyofungwa kwenye mashua, na kandokando wametandika wavu kama ule wa mpira wa miguu. Mama yake anakata nyanya, hata hamwangalii.

Maisha yao si ya kucheza kama yanavyoonekana. Jiko lao linaning'inia ili mashua ikilala upande, sufuria ibaki sawa. Maji ya kunywa wanayapima kama sisi wakati wa kiangazi, na mvua ikinyesha wanakinga kwa turubai. Usiku wa safari, mume na mke wanapokezana zamu. Na kule visiwa vya Karibi, kuanzia Juni mpaka Novemba ni majira ya tufani kali, kwa hiyo wengi wanakimbilia mbali au wanafunga mashua mahali palipojificha. Wanakubali kungoja miezi. Sisi kungoja siku moja tu ya soko kunatuuma.

Mtaniambia: Masisi ni milima na ng'ombe, mashua zinatuhusu nini? Zinatuhusu. Mwaka wa 2024, njia ya Sake ilipokatika, ziwa ndilo lilikuwa barabara yetu. Maharagwe, viazi, fromaji, wagonjwa, watoto wa shule, wote walipitia Minova na kupanda mashua mpaka Goma. Wamama ambao maisha yao yote hawajawahi kukanyaga maji zaidi ya mto wa kufulia, walijikuta wamekaa juu ya magunia katikati ya Ziwa Kivu, ambalo kina chake kinapita mita 450. Nanyi wa Walikale msifikiri habari hii ni ya Goma peke yake. Mnaovuka Lowa na Oso kwa mtumbwi mnajua ninachosema.

Watu wa Idjwi wangetucheka. Wao ni watu wa kisiwa, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya maziwa ya Afrika ukiondoa Ukerewe ya Tanzania. Kwao nanasi, ndizi na kahawa lazima zipande mashua ndipo ziwe pesa. Lakini hata wao ziwa limewalipisha. Kuna miaka ambapo kahawa ya Idjwi na ya pwani ya Kalehe ilivushwa usiku kwa mitumbwi kwenda Rwanda, kwa sababu huku bei ilikuwa bure. Wababa wengi walizama na magunia yao. Ndiyo maana ukiwa kando ya ziwa utakuta wajane wanaolima kahawa ileile iliyowaua waume zao. Ushirika kama SOPACDI, ulioanza mwaka wa 2003 upande wa Minova, ulisaidia watu wauze mchana, nchi kavu, bila kuvuka gizani. Nilipoisikia hadithi hii mara ya kwanza nilifikiri ni habari ya kahawa. Siku hizi naisikia kama habari ya haraka ya kuvuka.

Aprili 2019 mashua ilizama upande wa Kalehe, watu wengi sana hawakuonekana tena. Rais Tshisekedi alikuja kuwafariji wafiwa, akaagiza kila msafiri avae jile. Agizo ni zuri. Mimi mwenyewe, katikati ya 2024, nilikuwa bandarini pamoja na mtoto wa dada yangu na magunia mawili ya maharagwe. Jile zilikuwepo, ndiyo, zimefungwa pamoja chini ya mizigo. Nikaomba mbili. Kijana wa mashua akaniambia, “Mama, unaogopa nini, Mungu si yuko?” Nikamjibu Mungu yuko, lakini jile iko chini ya magunia. Sikupanda. Mashua ile ilifika salama, soko langu likapotea, na jioni walionijua walinicheka mpaka nikaona haya.

Tarehe 3 Oktoba mwaka uleule, mashua nyingine iliyotoka Minova, imejaa kupita kiasi, ilizama karibu na Kituku, watu wa pwani wakiitazama. Hakuna aliyenicheka tena, na mimi sikufurahia kuwa nilisema kweli.

Sasa, ile kamba ya mtoto wa mzungu msiige. Nimeuliza, nikaelezwa: mashua yao ina uzito mkubwa chini, ikilazwa na upepo inainuka tena. Mtoto akiteleza, kamba inamrudisha. Mashua zetu za mbao zikipinduka hazirudi, na mtoto aliyefungwa kwenye mashua ataenda nayo. Kinachofaa kuigwa ni jile yake.

Na hapa kuna jambo ambalo wengi wetu tunalikosea kwa upendo. Tunafunga mtoto mgongoni kwa kitenge, kisha tunavaa jile kifuani, tunajisikia tumejikinga wote wawili. Jile imetengenezwa imgeuze mtu uso juu. Mama akianguka, atalala chali, na mtoto aliye mgongoni atakuwa chini ya maji. Kwenye mashua, mtoto akae mbele, mikononi, bila fundo la kitenge, na jile yake mwenyewe mwilini.

Jile ya mtu mkubwa haimfai mtoto, akiingia majini inapanda na kumtoka kichwani. Mvalishe, kisha shika jile mabegani uinue: ikipanda mpaka masikioni, ni kubwa. Nzuri ina mkanda unaopita katikati ya miguu. Mkiangalia mashua, angalieni ilivyozama kabla ninyi hamjaingia. Kama maji yako karibu na ukingo wakati watu bado wako nje, mzigo umeshakula nafasi yenu. Na mkikaribia bandari, kaeni. Najua kila mmoja anataka kuwahi wabebaji, lakini wote wakisimama upande mmoja, mashua inawafuata.

Katika kikundi chetu tulibishana juma zima kama mfuko wa kijamii wa AVEC unaweza kununua jile za watoto. Mmoja alisema mfuko ni wa magonjwa na misiba. Mweka hazina wetu, ambaye hasemi sana, akamuuliza: tungoje msiba ndipo tutoe? Tulinunua mbili. Zinaning'inia nyumbani kwake, nyuma ya mlango, na daftari la kuazima liko juu ya kabati. Ndogo inafaa mtoto wa kilo 10 mpaka 15, kubwa ni ya mtoto wa shule ya msingi. Mwenye safari atoe jina siku mbili mbele, maana siku za soko zote mbili huwa zimeshachukuliwa. Na tafadhali, irudisheni ikiwa imekauka.