Mwacheni Apike

Wengi wetu hapa Handeni na Korogwe tuna ndugu au jirani asiyeona. Tunampenda na kumlisha. Lakini akinyanyuka tu kwenda jikoni, nyumba nzima inapiga kelele: "Kaa chini, utaungua!" Katazo hili linatoka moyoni, nakubali. Hata hivyo nasema linamdhuru.

Fikirini mama aliyepika miaka thelathini, akafungwa macho na ugonjwa, na tangu hapo amenyang'anywa mwiko. Anakaa barazani akingoja sahani. Wenzake wakichelewa shamba, anashinda na njaa na unga umo ndani. Binti aliyezaliwa haoni yuko pabaya zaidi, maana hakufundishwa lolote. Siku mama yake akifariki atalishwa na nani? Shule ya Wasioona ya Irente, pale Lushoto, imekuwapo tangu 1963. Mzazi anayekubali mwanawe akasome kwa vidole, kwa nini asiamini kwamba vidole hivyo hivyo vitachambua mchunga na kumenya muhogo?

Kwanza lakini, apimwe macho hospitalini. Mtoto wa jicho ndio sababu kubwa ya upofu nchini kwetu, na hutibika kwa upasuaji. Wako wanaoongozwa kwa fimbo ambao wangeweza kuona.

Kisha tujiulize, sisi wenye macho tunapikaje? Kibatari kikizimika usiku, ugali hauachwi. Maji yakikaribia kuchemka hunguruma, yakichemka sauti hubadilika. Uji ukiiva hutoa mapovu mazito yanayopasuka, na mpishi huyasikia. Unga ukiongezwa, mkono huupima uzito kwenye mwiko. Harufu ya unga mbichi ikiisha, na tonge halinati kwenye kidole kilicholoweshwa, umeiva. Kisamvu kinachotwangwa hubadili mlio kinuni kadiri kinavyolainika. Maharage hubonyezwa baada ya kupozwa kwenye kijiko. Katika hayo yote jicho lina kazi gani?

Wengine husema asiyeona humwaga maji, na Handeni ndoo ya maji ni mali. Basi apime kwa kikombe, au atie ncha ya kidole ukingoni mwa chombo kabla hakijapelekwa motoni. Maji yakigusa kidole, anaacha kumimina.

Moto ndio hofu kubwa, na hofu hiyo ina haki yake. Mafiga yasimame imara, kuni zisitokeze upande anaopita. Sufuria iliyo motoni hutafutwa kwa mwiko mrefu, si kwa kiganja. Mafuta na vitunguu vitiwe kwenye sufuria ingali baridi, ndipo ibandikwe. Kitunguu kitamwambia kwa mlio kwamba mafuta yamepata moto. Asivae nguo ya nailoni, maana huyeyukia mwilini, na ncha za kanga azichomeke vizuri. Mafuta ya taa yasikae jikoni, tena yasiwekwe kamwe katika chupa ya maji au ya mafuta ya kula. Hili linawahusu hata wenye watoto wadogo.

Akiungua, kama mtu yeyote anavyoungua, mwagieni maji baridi safi mahali hapo kwa dakika 20. Maji yakiwa haba, yakingeni kwa beseni safi na kuyamwaga tena. Msipake dawa ya meno, unga wala mafuta. Jeraha likiwa kubwa, au likiwa usoni au mkononi, mpelekeni zahanati.

Kazi kubwa kuliko zote ni yetu tulio na macho, nayo ni kurudisha vitu mahali pake. Chumvi ikae kwenye kopo na sukari kwenye chupa, au moja ifungwe uzi. Kisu kiwe na mahali pamoja, makali yakielekea ukutani. Nyumba nyingi hushindwa hapa. Mtoto huchukua kisu akamenye chungwa, akakiacha chini, halafu bibi akijikata tunasema, "Si tulimwambia!"

Iko kazi moja ambayo asimwachiwe peke yake, nayo ni kuchagua mahindi na karanga. Punje zenye ukungu au zilizobadilika rangi huweza kuwa na sumukuvu, na sumu yenyewe hainusiki wala haionjeki. Mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kuchagua kunapunguza hatari, ingawa hakuiondoi yote, kwa hiyo nafaka ikaushwe vizuri tangu shambani. Mjukuu aketi na bibi yake kwenye ungo: yeye achague kwa macho, bibi apepete na kutwanga.

Siku za kwanza ugali utakuwa na mabuja, na pengine mboga itazidi chumvi. Leni bila kununa, na kesho yake mpeni tena mwiko.