Pancha Zetu na Ufagio Wako: Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Halmashauri

Ndugu Mkurugenzi Mtendaji,

Yah: Kufagiwa kwa bega la barabara

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Jina la mji wetu sitalitaja. Miji iliyojipanga kwenye barabara kuu kati ya Dodoma na Nzega ina malori yaleyale, vumbi lilelile na miiba ileile, na wakurugenzi wenzako wakiisoma barua hii huenda kila mmoja akadhani ameandikiwa yeye. Wakidhani hivyo, si vibaya.

Mimi ni mpima mizani kwenye mashine ya kukamua alizeti. Ninaishi upande mmoja wa mji, mashine iko upande wa pili, nje kidogo, kwa hiyo asubuhi na jioni niko juu ya baiskeli pamoja na vibarua wa ujenzi, wauza maziwa, wanafunzi wa sekondari na kina mama wenye matenga ya nyanya. Sisi sote tunajuana kwa pancha. Unamkuta mwenzako amepiga magoti chini ya mti, baiskeli imegeuzwa juu chini, unampa pole, unapita. Kesho yake yeye ndiye anayekupa pole.

Kwa watu wengi pancha ni mkosi tu, na ukichelewa kazini kwa ajili yake unachekwa. Ninaandika kukueleza kwamba sehemu kubwa ya pancha zetu ni takataka ambazo hazikuzolewa.

Msimu uliopita wa alizeti nilimwomba fundi wangu, anayefanyia kazi chini ya mwarobaini karibu na kituo cha mafuta, asitupe anachokitoa kwenye matairi ya wateja. Akawa anaweka kwenye kopo la maziwa ya unga, na siku moja tukalimwaga juu ya gazeti. Mbigili zilikuwa nyingi, hilo nililitarajia. Kulikuwa na vioo vya chupa, misumari ya inchi mbili, miiba mirefu ya mgunga. Lakini kilichonifanya nichukue kalamu ni nyaya: vipande vyembamba vya chuma, urefu wake haufiki hata sentimita mbili, vingine vimepinda, vyote vina ncha. Fundi alizikusanya kwa sumaku ya spika mbovu, zikasimama juu yake zote kwa pamoja.

Nyaya hizo zinatoka kwenye matairi ya malori. Tairi la lori la siku hizi limesukwa ndani kwa waya wa chuma. Likipasuka kwa joto na uzito, mpira unatawanyika barabarani, malori yanayofuata yanausaga siku baada ya siku, mpira unaisha na waya unabaki. Kwetu hapa yanapita malori ya Rwanda, Burundi na Kongo usiku na mchana, kwa hiyo mavuno hayo hayakatiki. Halafu kuna matairi yanayochomwa moto: mkesha wa mwaka mpya, au na wachoma vichwa vya mbuzi, au na vijana wanaotafuta chuma chakavu. Wanaondoka na waya mnene, ule mwembamba wanauacha. Tazama doa jeusi lolote kwenye lami ya mji wako, kisha inama upapase kwa uangalifu.

Waya huo hauna haraka. Unasimama kwenye mpira wa nje, na kila gurudumu linapozunguka unasukumwa ndani kidogo, mpaka siku ya pili au ya tatu ufikie tyubu. Tundu lake ni dogo mno hata hewa haitoki kwa kishindo. Unaiacha baiskeli jioni imejaa, asubuhi tairi liko chini. Watoto wa majirani wamechapwa sana kwa kosa hilo, wakidhaniwa wametoa upepo. Fundi anaizamisha tyubu kwenye karai la maji, anaona mapovu, anapiga msasa, anapaka solusheni, anabandika kiraka. Fundi wa haraka anaishia hapo, na kesho unarudi kwake, kwa sababu waya bado umo ndani ya tairi. Fundi mzuri anachukua kipande cha pamba na kukipitisha taratibu ndani ya tairi lote. Nyuzi za pamba zikinasa, mwizi kapatikana. Kwa kidole hutauona, labda uuone kwa damu.

Sasa kwa nini sisi, na si wenye magari? Sheria inatutaka tukae kushoto, na akili pia, ukizingatia mwendo wa mabasi. Lami nayo imejengwa na mgongo katikati ili maji yateremke pembeni. Chochote kilichodondoka katikati kinarushwa na magurudumu ya magari, kinasukumwa na maji ya mvua, kinatulia ukingoni, pale hasa tunapopita. Mvua ikinyesha ndipo balaa linazidi, maana mpira ukilowa kioo kinaukata kwa wepesi zaidi, na kwenye maji huoni unachokanyaga.

Na ufagio wako nao unafanya kazi ileile ya mvua. Nisieleweke vibaya: akina mama wanaofagia barabara zetu wanaamka kabla yetu, na kazi yao naiheshimu. Lakini wanafagia kutoka katikati kuja pembeni, wanaacha vilundo kwenye bega la barabara, na toroli la kuvizoa linakuja baadaye sana au haliji kabisa. Kufikia saa tatu lori moja limeshapita na upepo wake, kilundo kimetawanyika. Barabara inapendeza ukiiangalia kutoka kwenye gari. Mkataba wa usafi, kwa jinsi ninavyouona ukitekelezwa, unaishia kwenye mstari mweupe, na sisi tunaanzia hapo.

Kuna jambo lingine ambalo wenye magari hawalioni. Lori likiharibika, utingo anakata matawi na kuyapanga barabarani kama onyo. Ni desturi nzuri, imeokoa watu. Kwetu hapa tawi la karibu ni la mgunga, lina miiba yenye urefu wa kidole. Lori likitengemaa, dereva anaondoka, matawi na mawe yanabaki. Majani yanakauka na kupeperuka, miiba inabaki imelala ikikungoja. Ofisi yako pamoja na askari wa usalama barabarani mngewabana madereva waondoe walichokiweka, na watembee na pembetatu za kuakisi mwanga kama wanavyotakiwa.

Mashimo ya lami sitayazungumzia sana, yameshalalamikiwa na kila mtu. Niseme moja tu: shimo lenye kingo kali linaiminya tyubu kati ya rimu na ukingo, inatoka na matundu mawili sambamba, na hiyo pancha hata tairi jipya haliizuii.

Najua utauliza: na nyinyi je, mnafanya nini? Ni swali la haki. Wengi wetu tunaendesha matairi yaliyolegea kwa sababu pampu ni ya kuazima. Tairi lililolegea linakutana na shimo vibaya, na linakumbatia kila kitu kilichopo chini. Kiasi cha upepo kimeandikwa ubavuni mwa tairi, na kulibonya kwa kidole gumba si kipimo. Tairi lililoanza kuonyesha nyuzi limeshakufa, hata kama bado linazunguka. Ninawaambia wenzangu kila jioni walizungushe gurudumu taratibu kwenye mwanga na kuchomoa kilichonasa kabla hakijapenya, na hii ndiyo kinga rahisi kuliko zote, haigharimu hata senti. Wengine tunakata mkanda wa tairi kuukuu na kuulaza ndani kati ya tairi na tyubu. Unasaidia sana, ila kingo zake lazima zichongwe ziwe nyembamba, la sivyo wenyewe ndio unaoisugua tyubu mpaka itoboke. Tunaangalia pia mpira wa rimu, usije ukasogea na kuacha vichwa vya spoku wazi. Kwa hiyo usidhani tumekaa tunasubiri serikali.

Lakini pima hasara inavyotembea. Kuziba tundu moja si ghali, shilingi 500, wakati mwingine 1,000. Kibarua wa zege halii kwa hiyo. Analia kwa sababu msimamizi anahesabu watu saa moja na nusu asubuhi, na aliyekosekana nafasi yake inachukuliwa na aliyekuwa amesimama getini. Pancha moja imekula posho ya siku nzima, na chakula cha nyumbani jioni. Muuza maziwa naye akifika saa nne, hoteli zimeshanunua kwa mwingine, na jua letu unalijua linavyofanya maziwa.

Ninachoomba hakihitaji bajeti mpya, nadhani. Kwenye mkataba wa usafi, andikeni wazi kwamba barabara ni pamoja na bega lake, na kwamba kilundo hakihesabiwi kuwa kimefagiwa mpaka kizolewe. Mlipeni mzabuni kwa kilichozolewa. Wafagiaji wapewe sumaku: mafundi redio wana spika mbovu tele, na sumaku tatu nne zilizofungwa chini ya toroli, karibu na ardhi, zitaokota nyaya na misumari ambayo ufagio unaipita. Wajenzi wanaobomoa mbao za zege wasipewe ruhusa ya kusafirisha mabanzi yenye misumari kwenye gari lisilofunikwa. Na uchomaji wa matairi kandokando ya barabara ukomeshwe. Moshi wake peke yake ulitosha kuwa sababu.

Mbigili ndiyo yenye majira, kwa hiyo naomba unisikilize kwa makini hapo. Ni mmea unaotambaa, maua yake madogo ya njano yana petali tano. Unaota mara mvua zinapoanza na baada ya wiki chache tu una mbegu. Tunda likikauka linapasuka vipande vitano, kila kimoja na miiba yake, na hata kikianguka vipi, mwiba mmoja utatazama juu. Mbegu zikishaingia ardhini zinaweza kulala miaka kadhaa zikisubiri mvua. Kufyeka mwezi wa Mei, kama ilivyo desturi yetu, ni kazi bure, maana wakati huo panga linazisambaza tu. Ung'olewe Januari na Februari, ungali kijani, na mzizi wake, kisha uzolewe, usiachwe hapohapo.

Nguvu kazi unayo tayari. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi maduka yanafungwa mpaka saa nne ili tufanye usafi, na wengi wetu tunafagia mbele ya milango iliyokwisha kufagiwa. Chukua Jumamosi ya Januari na ya Februari, gawa bega la barabara kwa mitaa, wenyeviti wa mitaa wasimamie. Tutakuja na majembe. Hilo litatufaa kuliko maandamano ya tarehe 3 Juni, Siku ya Baiskeli Duniani, yenye fulana na hotuba.

Najua pia jibu litakalokuja: barabara kuu ni ya TANROADS, za mitaa ni za TARURA. Kweli kabisa. Lakini lami ndiyo yao, takataka iliyo juu yake ni ya halmashauri, na ushuru wa taka tunaulipa kwako. Kwa yale yanayohitaji wahandisi wao, barua yako itafika mbali kuliko yangu.

Ukitaka kuona kwa macho kabla ya kuamua, baiskeli ya pili ninayo, na matairi yake nitayajaza mwenyewe. Tuanzie stendi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, siku yoyote ya kazi, twende mpaka kwenye mashine za alizeti. Suruali utaibana kwa kamba mguu wa kulia, upande wa cheni.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mpima mizani, mashine ya alizeti